Kikombe cha Kwandu

Tulikuwa kwenye basi la Mwanza, tukitokea Ngara. Mbele yangu mzee Kazimili alimpakata mjukuu wake, Kwandu, aliyelala. Saratani ya damu ilikuwa imemrudia. Mzee alipomimina maziwa kwenye kikombe ili amwamshe ameze kidonge, mama aliyeketi kando yake akamshika mkono.

"Shikamoo baba. Hicho hakimezwi na maziwa. Mwanangu alikitumia. Saratani inakila ikidhani ni kitu cha kujizidishia, ikashindwa kuzaana. Maziwa yanakivunja nguvu kabla hakijafika kwenye damu."

"Marahaba. Sisi Wasukuma mgonjwa tunampa maziwa. Nimemtengea ng'ombe wake, nakamua mwenyewe mwaka mzima. Unasema nimemlisha kifo?"

"Sijasema hivyo, baba. Pengine ingerudi tu."

"Pengine!"

Mimi nilijifanya nimelala. Ndiyo adabu pekee iliyobaki ndani ya mabasi.

"Wako ulimpa na nini?" mzee akauliza.

"Maji. Kila siku maji."

"Akapona?"

Mama akageukia dirishani.

Basi likasimama Nyakanazi. Kwandu akafumbua macho, akanyoosha mikono yote miwili kwenye kikombe.