Bi. Deodata na Lebo Nilizozifuta

Bi. Deodata Gozbert anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia maktaba yetu ya Ngara kwa miaka thelathini na minne. Wasifu huu nimepewa niandike mimi, Frednand wa katalogi, mtu aliyempa kazi nyingi kuliko wasomaji wote wa wilaya.

Alianza mwaka 1991 kwa kupanga kadi kwenye droo za mbao. Kambi ya Benaco, hapa wilayani, ilipojaa wakimbizi, alipeleka vitabu vya watoto kambini kwa baiskeli. Vilirudi vyote isipokuwa kimoja, na hicho bado anakiulizia.

Kisha nikaja mimi na katalogi ya mtandaoni. Msomaji aliweza kutafuta kitabu kwa simu na kukibandikia lebo kwa maneno yake mwenyewe. Nilitegemea maneno ya kisomi. Watu wakaandika "migomba inanyauka", "mwisho unaliza" na "kiko juu, omba kiti". Mkaguzi wa maktaba alipokaribia kuja niliona aibu, nikafuta lebo zote 612 na kuweka zangu, kama "Patholojia ya Mimea", yaani magonjwa ya mimea. Nilijipongeza kwa soda.

Wiki ileile mzee Habonimana alifika kutoka Keza. Migomba inayomlisha yeye na wajukuu saba ilikuwa ikinyauka shina kwa shina, na kwenye simu aliandika "migomba inanyauka" asipate kitabu. Nilihangaika na kompyuta dakika arobaini, nikamletea kitabu cha magonjwa ya waridi. Bi. Deodata alimwamkia shikamoo, akaenda rafuni, akarudi na kitabu chenyewe.

Hakunigombeza. Alitoa daftari lenye lebo zote 612, alizozinakili kwa mkono aliposikia nimepanga kuzifuta. Akasema nizirudishe, na nikimaliza ninywe soda nyingine. Ilinichukua siku tisa. Mzee aling'oa mashina yaliyougua, shamba likapona, na mkungu wa kwanza akauleta hapa kaunta.

Juzi nimehesabu lebo upya. Inayoongoza, kwenye vitabu mia mbili na kumi, ni "muulize Bi. Deodata". Kuanzia Jumanne hatakuwepo, na nakiri naogopa. Lebo hiyo sijaigusa. Nilipomweleza, aliniruhusu niweke namba yake ya simu chini ya lebo, ila akaagiza kwamba saa za shamba Frednand asipige.

Asante, mama, kwa kunivumilia. Tunakutakia afya njema huko shambani kwako Nyakisasa, mvua ya kutosha, na simu yenye chaji.