Mzee Firmin, Mpiga Erhu wa Geti la Pili

Baada ya miaka kumi na sita ya kulinda geti la pili la jumba letu la maduka ya Wachina hapa Johannesburg, Mzee Firmin Bigirindavyi anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2014. Uongozi umetuomba tuandike mafanikio yake. Kwa maoni yetu sisi walinzi, kubwa kuliko yote ni kwamba alifeli mtihani wa muziki miaka miwili mfululizo.

Mzee alitoka Ngozi, Burundi, akaanza kazi hapa mwaka 1998. Wakati huo mlinzi alisimama zamu nzima. Mwaka 2011 Marthe, mwenzetu wa kutoka Bukavu, akiwa mjamzito, alizimia getini mbele ya wateja. Mzee alimpeleka kliniki, kisha akapanda moja kwa moja kwa meneja wetu, Bwana Hugues, kuomba viti.

"Mlinzi akikaa atalala," alijibiwa. "Ila nimeona ari ya wafanyakazi imeshuka. Tunalifanyia kazi."

Kweli, lilifanyiwa kazi. Wiki iliyofuata tuliletewa ala za muziki. Kila mfanyakazi alitakiwa kujifunza ala moja ya jadi ya Kichina, ili tuwatumbuize wageni wa heshima na kudumisha maelewano. Wengi walikimbilia filimbi za mianzi na matoazi. Mzee Firmin alizikagua ala zote kama anayekagua mizigo, akamgeukia Mwalimu Lin, mama muuza vitambaa aliyepewa jukumu la kutufundisha.

"Ipi haipigwi kwa kusimama?"

Mwalimu akamwonyesha erhu, zeze la nyuzi mbili linaloegeshwa pajani. "Hii lazima ukae."

"Sharp. Basi walinzi wote tunapiga hiyo."

Bwana Hugues aliagiza viti, akapiga navyo picha. Kwa kuwa tangazo lake mwenyewe lilihimiza mazoezi kila nafasi inapopatikana, viti vilishuka getini. Marthe alikaa mpaka alipokwenda kujifungua.

Tatizo likawa moja: kiti ni cha mwanafunzi. Atakayefaulu angepewa cheti, na kiti kingerudi stoo. Hapo ndipo kipaji cha Mzee kilipoonekana. Siku ya mtihani wa kwanza alitoa mlio ambao mteja mmoja aliudhania kengele ya wizi. Sisi wengine hatukuhitaji kujitahidi. Tulifeli kwa uwezo wetu.

Jioni moja, maduka yakifungwa, Mwalimu Lin alisikia erhu ikilia vizuri sana kule getini. Alishuka ngazi, akamkuta Mzee amefumba macho. Kwao Burundi alikua akipiga indingidi, zeze la uzi mmoja, na huu uzi wa pili alikwisha kuupenda.

"Kumbe unaweza! Kwa nini unaniaibisha mbele ya meneja?"

"Mwalimu, tukifaulu, Marthe atasimama tena."

"Basi mwaka huu ukosee zaidi," alisema mama yule. "Mwaka jana ulikaribia kufaulu."

Mzee alikosea zaidi. Uongozi ulimwandikia Mwalimu Lin onyo kwa ufundishaji duni, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Mwezi uliopita, kustaafu kukiwa kumekaribia, Mzee aliingia kwenye mtihani wake wa mwisho, akapiga kama anavyopiga jioni akiwa peke yake. Wauza viatu waliacha wateja wao, wakaja kusikiliza. Bwana Hugues alifuta miwani, akasimama kutoa hotuba kuhusu maono yake. "Eish, kama mmoja ameiva hivi," alisema, "hawa wengine tuwaongezee miaka mitatu ya mafunzo."

Mwalimu Lin alikubali kwamba wengine bado sana. Marthe aliinua upinde wake, akakwaruza nyuzi kuthibitisha.

Asante, Mzee Firmin. Tunakuombea afya na siku tamu nyumbani Troyeville pamoja na mkeo, Mama Spès. Kuanzia Jumamosi, tafadhali piga vizuri kadiri unavyoweza.