Gitaa Lisilochomekwa Waya

Benchi lililo mbele ya duka la fundi cherehani lina miguu mitatu na tofali moja, nalo limezoea kuvumilia mengi. Asubuhi ile lilikaliwa na watu walioamka na mdomo. Jana yake wote walikwenda kwenye ukumbi wa jamii kutazama mchezo wa kuchekesha juu ya Bendi ya Mbalamwezi, wale vijana wa enzi za nywele kama vichaka na viatu vya raizoni vya soli nene kama tofali, ambavyo mtu akianguka navyo anachelewa kufika chini. Walikwenda kifua mbele, kwa sababu mpiga gitaa la kwanza wa bendi ile, Solo mwenyewe, si ndiye fundi wao? Wakarudi wamenuna kama wafiwa.

Shida ni kwamba fundi hakuwa Solo. Alipofungua duka zamani hizo, alibandika ukutani picha ya bendi. Mteja akauliza, "Huyu wa mbele si wewe? Kumbe wewe ndiye yule Solo?" Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akajibu, "Mm." Mpaka anazitoa, habari ilikwishavuka barabara, naye akaiona tamu, akaiacha iende. Katika bendi, yeye alikuwa kijana wa sura nzuri aliyewekwa mbele na gitaa lisilochomekwa waya, ili mabango yapendeze.

Sasa mchezo ukaja kuharibu. Solo wa jukwaani alitoroka na bibi harusi wa mpiga ngoma, katikati ya wimbo, wakwe wanaona. Yule wa gitaa bila waya akabaki peke yake, akikwangua nyuzi kimyakimya huku akinengua, na wageni wa harusi wakaendelea kucheza. Ukumbi mzima ulicheka mpaka machozi. Fundi, aliyejibanza safu ya nyuma kabisa, yalimtoka machozi tu.

— Wewe sikumiminii, alisema Birika, muuza kahawa, akimruka na kikombe. Kwanza utuambie yule mtoto wa watu ulimpeleka wapi.

— Birika, ule ni mchezo. Wale huongeza chumvi.

— Waongeze kwenye nini kama hakukuwa na mchuzi? alidakia Hakimu, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani lakini hukumu anazo tele. Na mimi nakwambia mbele ya mashahidi: binti yangu anaolewa Jumamosi, na leo alikuwa aje umpime gauni mara ya mwisho. Haji! Nipe gauni lake lilivyo.

— Halina mkono mmoja, Hakimu.

— Ataolewa na mkono mmoja! Ilmradi aolewe na aliyemchumbia.

Lile gauni fundi alikuwa amelitia shanga moja moja shingoni, na macho yake haya ya miwani. Hajapata kushona lingine kama lile.

— Ndugu yangu, hebu nitazame. Nitoroke na bibi harusi niende wapi, na magoti haya?

— Jana ulipita chini ya meza!

— Aliyepita chini ya meza ni mwigizaji!

— Mimi sina ugomvi na bibi harusi, alisema Redio, fundi wa redio, ambaye kila jambo duniani kwake ni suala la umeme. Mimi nina ugomvi na waya. Yule kijana mzuri, kwa nini hana waya?

— Hajui kupiga, alisema fundi polepole. Huenda hajui tu.

Wote watatu walimgeukia kama aliyetukana mzazi.

— Hajui? Birika alitua birika chini. Mtu anachezesha harusi nzima bila sauti, wewe unasema hajui?

— Wivu huo, alisema Hakimu. Andikeni.

— Sikilizeni, Redio alisogea. Kuna redio za waya na kuna redio za betri. Yule alikuwa wa betri. Umeme anao ndani. Bendi nzima ilikuwa inavuta kutoka kwake!

— Ndiyo maana wakamnyima waya! Birika alipiga paja. Angechomekwa, paa lingeng'oka.

— Si paa tu. Mtaa ungekosa taa wiki nzima.

— Na waya aliuficha nani? Hakimu aliinua kidole, kikazunguka, kikatua kwenye pua ya fundi. Huyu! Kwanza akaficha waya wa mwenzake, kisha akaiba mke wa mwenzake. Kesi moja hiyo!

— Nisingeweza kumfanyia hivyo yule jamaa, fundi alisema. Nilimpenda kama nafsi yangu.

— Mnafiki! walisema wote kwa pamoja.

Fundi alifungua mdomo. Sentensi ilikuwa fupi tu, *yule ni mimi*, lakini leo ingesikika vipi? Jana ungekuwa ukweli. Leo, baada ya sifa zote zile, ungekuwa wizi. Akainuka akaleta gauni. Hakimu alilipokea bila kulitazama.

Ndipo akaja kijana mrefu, rangi ya jukwaani bado imemganda pembeni mwa masikio. Walimtambua hapo hapo: yule mwigizaji wa gitaa bila waya! Birika alimmiminia kabla hajaketi.

— Shikamooni, wazee. Namtafuta fundi cherehani aliyekuwa Mbalamwezi. Yule niliyemuigiza mimi.

— Marahaba. Umepotea, baba, alisema Hakimu. Fundi wa hapa ni huyu, naye ni Solo, yule mwizi wa mabibi harusi.

Kijana alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

— Solo alishazikwa, wazee wangu. Mkewe, yule yule bibi harusi, ndiye aliyetuhadithia mchezo wote. Akamtazama fundi, akaitazama picha ukutani, akalitazama benchi. Kwani katika miaka yote hii, nani kati yenu amewahi kumsikia huyu mzee akipiga gitaa?

Redio alitazama paa. Birika alichungulia ndani ya birika lake. Hakimu, mwenye hukumu tele, alilishusha gauni magotini, akaanza kulikunjua taratibu, shanga moja moja.

Fundi alivuta kiti kwa yule kijana.

— Jana ulikuwa unatazama vidole vyako, mwanangu. Anayetazama vidole ni mpigaji. Mimi nilikuwa natazama watu.