Mbuzi wa Halbadiri

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Asifiwe Asiyeiacha dua ya mnyonge ipotee njiani, asifiwe tena na tena! Mimi ni Mwanakhamis wa hapa Kengeja, binti wa Bi Time aliyewakaribisha pale mlangoni. Leo nataka kusema Mola alivyotutoa dhikini, na mkono alioutumia kututoa.

Babu alipanda mikarafuu katika ardhi ya watu, kwa ruhusa yao. Kwetu Pemba mnajua, ardhi yaweza kuwa ya huyu na miti ikawa ya yule. Warithi wa ardhi walipotuzuia kuchuma, tukaenda kwa wakili, bwana mmoja wa suti na maneno matamu. Ndugu zangu, shambani hakukanyaga! Akadai ardhi, ambayo si yetu, akaisahau miti, ambayo ndiyo yetu. Siku ya kesi hakutokea, wala sisi hakutwambia. Kesi ikafutwa, na muda wa kuifufua ukapita yeye akitwambia tusubiri. Watu wakasema Bi Time alidai cha wenyewe. Mama yangu, mtu asiyeokota hata nazi iliyoanguka kwa jirani, akaona haya hata kwenda hitimani.

Mimi niliwaka! Nikanunua mbuzi, nikaita wasomaji, wakili yule asomewe Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mdhalimu, ulimi umkauke. Mbuzi keshafungwa uani, ubani unafuka, ndipo alipoingia Wakili Raya, aliyekuja kumtazama shangazi yake, jirani yetu. Umbo dogo, lakini moyo aliojaaliwa! Akauliza kuna nini, nikamweleza.

"Bi Mwanakhamis, Halbadiri husomewa mwizi asiyejulikana," akasema. "Huyu mwamjua jina, na afisi yake mwaijua. Mfungueni mbuzi. Ntamshitaki mie."

"Wakili amshitaki wakili? Si mwalindana nyie!"

Hakubishana nami. Akavua viatu, akamwambia mama, "Bi Time, hebu nioneshe hiyo miti." Wakaizunguka yote, mmoja mmoja. Wasomaji wakanywa chai yao, wakaenda zao.

Nimsifu vipi binti huyu? Wenzake walimnunia, wakamwita msaliti. Kesi ikiahirishwa sisi twavunjika moyo, yeye atuchekesha njia nzima kutoka mahakamani Chake. Na siku alipomhoji yule bwana, hakumtukana wala hakupaza sauti.

"Shambani ulifika?"

"Sikufika."

"Na siku ya kesi ulikuwapo?"

Akainama, akaangalia viatu vyake. Ndugu zangu, mimi niliyetaka ulimi umkauke, nikauona umekauka wenyewe! Alhamdulillahi!

Hakimu akatamka mbele ya watu kwamba madai ya Bi Time yalikuwa ya kweli, na wakili wake ndiye aliyeyaharibu, akamwamuru amlipe fidia. Mama alilia, nami nikalia.

Mikarafuu ya babu haikurudi, nisiwadanganye. Ila kwa fidia aliyolipwa, mama amenunua kipande chake, akapanda miche. Safari hii miti yake na ardhi yake.

Basi nawaambia, ukidhulumiwa usilale na chuki kifuani. Mtegemee Mola, muombe, kisha vaa viatu ukaitafute haki yako, naye atakuletea wa kukushika mkono. Raya, mwanangu, Mungu akuweke!

Haya, nyosheni mikono mle. Nyama mnayoiona kwenye pilau ni ya mbuzi yule yule. Nilimnunua kwa laana, leo amechinjwa kwa shukrani. Semeni bismillahi.