Jamaa Wote wa Namba 14

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Hélène Kabulo atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na tisa ya kupokea watu katika kituo chetu cha misaada hapa Likasi. Anahamia Kapolowe, kwenye shamba la mahindi la dada yake. Ofisi nzima inacheka na kulia kwa zamu, na mimi Magloire, katibu wa kituo, nimeshindwa kujua zamu yangu ni ipi.

Alianza Julai 1996 kama mfagiaji. Mpokeaji wa wakati huo aliugua siku mbili, Mama akakalia kiti chake, na basi, hakuinuka tena! Watu wasio na makazi waliokuja kuomba msaada walizoea kupewa chochote mlangoni na kuagwa haraka. Yeye aliwapa kiti. Akauliza jina, kisha swali lake lile lile: leo unahitaji nini? Sisi tulikuwa tunagawa maharage mwaka mzima, kumbe mmoja alitaka wembe na sabuni ili akaombe kazi kiwandani Shituru, mwingine mfuko wa plastiki wa kukinga vyeti vyake na mvua, mwingine mtu wa kumsindikiza hospitali asije akafukuzwa getini. Mama alisindikiza, kwa miguu, jua liwake mvua inyeshe, yeye alikwenda tu.

Kukosea alikosea pia. Mwaka 2003 alimfunika blanketi bwana mmoja aliyelala stesheni, akamletea uji, akamtafutia na soksi. Masikini, bwana Alphonse alikuwa anasubiri treni tu! Aliona haya kukataa, akanywa uji wote, treni ikamwacha. Mpaka leo humletea Mama viazi vitamu kila mwaka. Blanketi hajarudisha.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa fomu. Fomu ya hospitali, ya kazi, hata ya laini ya simu, zote zinauliza anwani na mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo. Asiye na nyumba hukwama hapo. Mama akaanza kuwaandikia anwani yake mwenyewe, nyumba ya kituo aliyopewa kuishi, Namba 14, pamoja na simu yake. Mwaka 2009 nilimwandikia barua kali, yenye mihuri miwili, kwamba ni kinyume cha kanuni. Alinishukuru sana, akaifungia karanga.

Kisha Moussa, mmoja wa watu wa Namba 14, akataka kumwoa Kadidja, binti wa Mzee Amisi mwenye duka. Hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumpeleka ukweni. Mama alivaa kitenge kipya, rozari shingoni, akaongoza msafara wa kaka kumi na saba wa Namba 14, warefu kwa wafupi, wasiofanana hata wawili. Ukweni walikuwa wamepika wali wa watu wanane! Mzee Amisi akauliza kwa adabu kama hao wote ni wa tumbo moja. Mama, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alijibu bila kupepesa jicho: "Bote ni batoto yangu, papa. Nilibazala na bic." Kuzaa kwa kalamu! Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka, na wali ukatosha, msiniulize vipi.

Kwa hiyo habari ya kustaafu kwake ilitutia homa. Namba 14 inarudi kituoni, na watu thelathini na wanne hawana anwani nyingine. Wakiugua, nani ataitwa? Jumanne tulifanya kikao. Athanase, dereva wetu, alichukua watano, waandikwe kwa anwani yake. Suzanne, muuguzi, kumi. Kisha wote wakanitazama mimi mwenye mihuri, nami nikainua mkono, nikachukua waliobaki. Mke wangu Cathy bado ananiuliza hao kumi na tisa watalala wapi.

Jana Mama alijaza fomu yake mwenyewe ya ustaafu. Alipofika kwenye mtu wa kuarifiwa, aliweka kalamu chini, akapaacha wazi. Sijui nani alipeleka habari stesheni, maana saa sita uani palikuwa hapatoshi: watu wanagombania nani aandikwe, Moussa anaapa kwamba yeye ndiye mkubwa, na Mama dirishani amejifunika uso kwa kitenge. Fomu ina mstari mmoja tu. Nimeambatanisha karatasi yenye majina thelathini na manne, nikaipiga mihuri miwili.

Asante, Mama Hélène, kwa viti, kwa majina, kwa kila hatua uliyotembea na mtu. Mahindi yako yazae, miguu yako ipumzike, na tafadhali usizime simu. Watoto wako watapiga.