Mosoti, Bondia Aliyenyimwa Jibu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Vuteni viti, na wewe uliye jikoni ongeza sauti kidogo, kwa sababu leo nimekuja nimejaa habari mpaka kooni. Mosoti amefariki. Mosoti Omwenga, yule bondia wa kambi za chai za Kericho. Amefariki wiki iliyopita, akazikwa Jumamosi kwao, karibu na Chepilat. Najua wengine wenu mliposikia hilo jina mmecheka. Wengine mmekunja uso. Nyote mko sawa, na nitawaambia kwa nini.

Mosoti hakuwa na ngumi nzito. Hilo tulishike mapema. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, magoti kama ya ndama aliyezaliwa jana. Lakini mdomo, wapendwa, mdomo wake ulikuwa unafika mahali kabla yake.

Alikuja kambini mwaka wa 1961, kijana tu, kuchuna majani kama wengine wengi kutoka Gusii. Jioni alikuwa anaenda soso holi, lile holi la burudani la kambi, pale ambapo mzee Alexander alifundisha vijana ngumi. Huyu Alexander alikuwa amepigana jeshini, pua imelala upande mmoja. Alimwangalia Mosoti akipiga lile gunia lililojazwa takataka za chai kutoka kiwandani. Akatikisa kichwa.

"Kijana," akamwambia, "hii mikono yako ni ya kuanikia nguo. Basi anza na masikio. Mtu aingie ulingoni ameshashindwa, wewe umalizie tu."

Na Mosoti akashika hayo maneno kama mtu amepewa shamba.

Sasa sikilizeni vile alikuwa anafanya. Wiki ya pambano, anavaa shati safi, anaenda mpaka nyumbani kwa mama ya yule watakayepigana naye. Anabisha hodi kwa adabu. Anatoa sukari kwenye koti. "Shikamoo mama. Nimeleta sukari kidogo. Ni ya chai ya wale watakuja kukupa pole Jumapili." Anaweka kwa meza, anaondoka. Mama wa watu anabaki analia, anamshika mtoto wake mguu, anamwomba asiende. Kijana anaingia ulingoni na machozi ya mama yake mgongoni. Unapigana vipi hivyo?

Akipigwa, anacheka. "Ndiyo hiyo? Hiyo ndiyo yenyewe?" Akiona jicho la mtu limevimba, anamuuliza kwa huruma kama ataweza kuona njia ya kwenda nyumbani. Watu walikuwa wanatoka Roret, wanatoka mpaka Londiani, waje wasikie Mosoti. Si kuona. Kusikia.

Mke wake, mama Bosibori, aliniambia jambo moja ambalo watu hawakujua. Nanukuu: "Watu walimwona akicheka. Mimi ndiye nilikuwa naosha ndoo. Kila siku ya pambano alitapika mpaka maji ya kijani. Aliogopa kuliko wote. Akimaliza, anapangusa mdomo, anatoka nje, anaanza kutukana watu."

Basi ikaja mwaka wa 1968 na Kimutai.

Kimutai alikuwa kijana wa upande wa Roret, Mkipsigis, anafanya kazi kiwandani pale majani yanapokaushwa. Mpole, mabega kama mlango. Alimpiga Mosoti mara ya kwanza. Akampiga tena. Na maneno hayakumshika hata kidogo. Mosoti alipomwambia atamvunja meno apeleke kwa fundi wa shanga, Kimutai alicheka kweli kweli. "Mosoti, wewe una maneno mazuri. Ungekuwa mhubiri, mimi ningetoa sadaka." Ile sukari ya pole? Mama ya Kimutai alishukuru, akaiweka kwa chai, akamkaribisha Mosoti kikombe. Alikunywa. Angefanya nini?

Halafu mwaka wa 1971 ikatangazwa kwamba bingwa wa kambi zote atapelekwa Nairobi. Aingie timu kubwa huko, apewe kazi huko. Hiyo maana yake, wapendwa, ni kuacha kikapu. Ni kuacha kuamka na umande mpaka kiunoni, na mvua, na nyapara nyuma yako. Mosoti aliitaka Nairobi kama mtu anataka maji. Na katikati ya Mosoti na Nairobi alisimama Kimutai.

Asubuhi ya pambano mabondia walipimwa uzito. Unajua kambini hakuna mizani nyingine, ni ile ile ya majani, ile inaning'inia bandani. Kwa hivyo walipimwa pale, na foleni ya wachunaji iko pale, wanawake na vikapu vyao, watoto mgongoni. Kimutai ameshika ile ndoano, miguu imekunjwa hewani, karani anasoma. Mosoti akamsogelea. Sauti ya upole kabisa, kama mtu anauliza bei ya viazi.

"Kimutai, ndugu yangu. Kuna kitu nimetaka kujua siku nyingi. Siku ile ya kisu, ni kweli ulilia?"

Karani akaacha kusoma.

Nyinyi wa mbali, nisikilizeni vizuri hapa. Kule, kijana akipashwa tohara halafu alie, au hata apepese jicho, huyo si mwanamume. Aibu hiyo inakwenda naye mpaka kaburini. Na mambo ya huko hayasemwi mbele ya wanawake wala watoto. Hayasemwi kabisa. Mimi mwenyewe siyajui na siulizi. Kwa hivyo Kimutai hawezi kusema "sikulia". Akifungua mdomo tu, amevunja kiapo. Wale waliokuwa naye siku hiyo pia hawawezi kumtetea. Bethwel alikuwa pale kwenye foleni, rika lake, walilala nyumba moja ya tohara, anajua ukweli wote. Aliangalia chini kwenye kikapu chake.

Na Mosoti alijua. Kwao pia vijana wanatahiriwa, kwao pia mambo hayo yanafungiwa ndani. Ndiyo sababu alijua mahali pa kuweka kidole. Alingoja. Aliwaacha wanawake waone kwamba Kimutai hajibu. Halafu akageukia watu.

"Basi. Amejibu."

Ilikuwa uongo, wapendwa. Uongo mtupu, aliutunga akiosha uso.

Jioni Kimutai aliingia ulingoni na mikono kama ya kuazima. Wanawake madirishani walikuwa wanamwangalia vingine. Raundi ya pili wakakumbatiana, na Mosoti akamnong'oneza sikioni: "Chepngeno alikuwa kwenye foleni asubuhi. Ulimwona?" Chepngeno ndiye msichana aliyekuwa amechumbiwa na Kimutai. Kimutai akageuza kichwa, akamtafuta kwa macho. Ngumi ikamkuta hapo hapo kwenye taya. Hakuamka mpaka akamwagiwa maji.

Mwezi haukuisha. Baba ya Chepngeno alituma mtu kusema wale ng'ombe wasiletwe tena. Watoto wa kambi wakaanza kulia kama mbuzi Kimutai akipita. Akabeba sanduku lake, akaenda Londiani kukata miti msituni. Hakuvaa glovu tena.

Na Mosoti? Mosoti alicheza ngoma. Ilibaki pambano moja tu la mchujo, na aliyewekewa ni Bethwel. Huyo Bethwel, Mosoti alikuwa ameshampiga zamani bila hata kutoa jasho. Nairobi ilikuwa inanukia.

Lakini Jumatatu asubuhi alisalimia watu shambani, hakuna aliyeitika. Akasalimia tena. Wanachuna tu. Akamtania mzee mmoja juu ya kofia yake. Mzee akahamia mstari mwingine. Akamwambia jirani, "Nipishe." Jirani akapisha, bila neno. Wazee walikuwa wameketi, wameamua. Hakuna kumpiga, hakuna kumfukuza. Hakuna kumjibu tu. Na hata watu wa Gusii pale kambini, wa kwao kabisa, walikubali, kwa sababu nao ni wanaume waliopashwa tohara.

Bosibori anasema: "Mimi walinisalimia vizuri. Walinisaidia maji. Watoto wangu walilishwa. Ni yeye tu. Walimpita kama wanapita kisiki."

Siku ya mchujo holi lilijaa mpaka madirishani. Mosoti akaingia akinengua, mikono juu. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyezomea. Kengele ikalia.

"Bethwel, mbona miguu inatetemeka? Umekula nini?"

Bethwel anamwangalia kama anaangalia ukuta. Mosoti akapigwa ngumi ya tumbo, akacheka: "Ndiyo hiyo?" Akasikia kicheko chake kinamrudia kutoka kwenye mabati. Akajaribu mama ya Bethwel. Akajaribu mke. Akajaribu Kipsigis, akajaribu Ekegusii, akajaribu kile Kizungu kidogo cha nyapara. Holi zima linapumua tu. Na ile ladha ya ndoo ya asubuhi ikaanza kupanda kooni. Hapo, wapendwa, mara ya kwanza Mosoti alibaki na ngumi zake peke yake, na mnakumbuka nilisema nini juu ya ngumi zake.

Raundi ya tatu akashusha mikono. Akageukia watu. "Semeni kitu," akasema. "Hata matusi."

Bethwel alimpiga nyuma ya sikio.

Refa akahesabu. Bosibori ndiye alinieleza hili, na aliambiwa na mume wake mwenyewe: Mosoti angeweza kuamka kwenye nne. Alibaki chini mpaka kumi makusudi. Ile hesabu ya refa ndiyo ilikuwa sauti pekee inayozungumza naye, alitaka kuisikia mpaka mwisho.

Bethwel ndiye alienda Nairobi. Akapigwa huko, akarudi, lakini alienda.

Mwaka uliofuata Mosoti alishindwa kuvumilia. Akaamua kuomba msamaha, na akataka kila mtu asikie. Akaenda pale pale bandani, saa ya kupima, foleni imejaa, wanawake, watoto, wote. Akapanda juu ya sanduku. "Nilidanganya," akasema. "Kimutai hakulia. Kisu kilipita na yeye akasimama kama..." Wanawake wakaziba masikio ya watoto. Wanaume wakaondoka na vikapu kabla havijapimwa. Alikuwa anaeleza siri ya wanaume mbele ya wanawake, tena, na safari hii kwa urefu.

Alexander alimshusha kwa mkono. "Ungeenda kwa wazee, usiku usiku, wanaume peke yao," akamwambia. "Sasa umelisema mara mbili." Na hayo ndiyo maneno ya mwisho Alexander aliwahi kumwambia. Baadaye Mosoti alienda kwa wazee kweli. Alikuta mlango wazi, wako ndani wanakunywa chai. Alisimama mpaka chai ikaisha.

Mtauliza kwa nini hakuhama. Kwao Chepilat hakukuwa na shamba lililobaki. Na Bosibori anasema kulikuwa na kitu kingine. "Kila asubuhi alivaa aproni akaniambia, leo atajibu mmoja. Mimi nilikuwa namjibu, nilikuwa naongea mpaka nachoka. Haikumtosha." Miaka minane, wapendwa, alichuna majani kwenye mstari wake akizungumza peke yake. Wageni walifikiri ni kichaa.

Mwaka huu, 1979, ini likakataa. Akalazwa. Na siku moja mchana Kimutai akatokea wodini, ametoka Londiani, ndevu zimeingia mvi. Mosoti alijikokota akakaa. Alilia. Akamwomba msamaha, mara hii polepole, Bosibori ametolewa nje. Lakini mlango ulikuwa mbovu, haufungiki, na Bosibori alisikia na kuona.

"Niambie neno moja," Mosoti alikuwa anasema. "Nitukane, ndugu yangu. Nitukane tu."

Kimutai alimenya chungwa. Akamlisha, kipande kwa kipande. Akampangusa kidevu. Akarekebisha blanketi miguuni. Akakaa mpaka kengele ya wageni ikapigwa, akachukua kofia yake, akaenda. Mosoti alifariki siku tatu baadaye.

Juzi nilipanda mpaka Londiani. Kimutai alinipokea vizuri sana, nikapewa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, nikaulizwa habari za safari, tukaongea viazi na bei ya mbao. Nikaweka kinasa sauti mezani, nikamuuliza habari za Mosoti. Akaniongezea maziwa. Nikauliza tena. Akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa rambirambi zetu kwa mama Bosibori na watoto, na ukoo wote kule Chepilat. Poleni sana. Na nyinyi mnaopigana, ulingoni au nyumbani au kazini, mjiulize leo: lile neno mnalojua litamlaza mtu kabisa, mkishalitoa, mtaishi wapi?

Kwa kawaida hapa tungenyamaza kidogo kwa heshima ya marehemu. Nilimwambia Bosibori tutafanya hivyo. Alinikatalia. "Kimya alipewa cha kutosha," alisema. "Waambie watu waseme jina lake kwa sauti." Kwa hivyo huko mliko, shambani, jikoni, dukani, mtamke tu: Mosoti. Ninajua Kimutai ana redio, niliiona kwenye dirisha lake. Simlazimishi. Nitangoja kidogo, halafu tuweke muziki.