Kumuaga Israa, Mtafutaji wa Nyumba za Mashimo Meusi

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Masharifu na Mashekhe, Bwana Mselem na Bi Fahima, wazazi wa msafiri wetu, Ndugu wageni mliovuka maji kutoka Pate, nanyi majirani wa Wiyoni mliotangulia hata kabla ya sahani: niwieni radhi nikitabasamu kupita umri wangu. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, ulevi siujui; leo furaha imenilevya.

Israa, niliyemsomesha Juzuu Amma, anakwenda kusoma ng'ambo. Atatafuta galaksi, yaani miji mikubwa ya nyota, ambamo mashimo meusi mawili, mabaki mazito ya nyota zilizokufa, huzungukana hata yakaungana, anga lote likatikisika. Aliniuliza, "Mwalimu, wadhani huungana katika galaksi za namna gani?" Nami, Mwamu, mzaliwa wa Lamu, nikajibu kwa yakini: "Katika nyumba yalimozaliwa. Kwani bibi arusi huhama? Bwana ndiye humwendea kwao." Akacheka hata akashika ukuta.

Kumbe, ndugu zangu, wataalamu wadhani kwamba mengi katika yale mashimo mazito huzaliwa katika galaksi ndogo, fukara wa chuma. Kwa uhaba huo wa chuma, nyota za humo hazipeperushi sehemu kubwa ya miili yao, basi zikifa huacha mashimo mazito. Kisha huja galaksi kubwa, ikaimeza ile ndogo, na baada ya dahari arusi ya mashimo huliwa kasrini, ndani ya ile kubwa. Subhanallah, ni nani kati yetu angelidhani? Nilikosea kwa mabilioni ya miaka, na sijapata kufurahia kosa kama hilo.

Lakini Bwana Mselem hakucheka. Amemjengea binti yake ghorofa juu ya nyumba yake, kama ilivyo ada yetu, na chokaa bado mbichi. Juma zima alisema, "Sikuwajengea popo." Na bila radhi ya baba, Israa asingaliondoka.

Jana, baada ya Alasiri, baba alimwita Israa mbele yangu. "Hayo mashimo ya nyumba ndogo," akauliza, "nyumba yao ikimezwa, husahau kwao?"

"Hayasahau, Baba. Uzito wake ndio hutwambia yalikotoka."

Bwana Mselem akainuka, nami nikadhani ameudhika. Kisha akamgeukia Bi Fahima: "Mfungie mtoto sanduku. Tia halua nyingi. Asiende mwepesi."

Israa, mwanangu, Mola akuhifadhi uendako na akurejeshe salama. Nanyi nyote, ahsanteni kwa subira yenu ya kunisikiliza.